Chama cha Mishumaa

Nilichelewa kurudi muhula wa pili:
surua ya mdogo wangu, kisha karo, kisha mvua
iliyoikata barabara ya Shianda.
Nilipofika, orodha zilikwisha bandikwa nje ya ofisi,
vyama vyote vimejaa hadi pambizoni.
Mdahalo, arobaini, na wengine wakisubiri.
Uigizaji, waendako wakwasi wa sauti.
Msalaba Mwekundu, kwa sababu wao hupanda basi.
Hata Hisabati, asiyoipenda mtu, imejaa.

Chini kabisa, kwa penseli:
"Mishumaa. Sr. Ediltrudis. Nyuma ya sakristia. Alhamisi."
Na jina moja: Muhonja, Clementina.
Nikaandika la pili.

Kazi yetu ilikuwa kukwangua.
Vishina vya altareni, machozi yaliyoganda kwenye vinara,
mabaki ya mazishi ya mzee Wangatia, katekista,
mabaki ya harusi ya mwalimu wa Jiografia
(hayo yalikuwa ya waridi, hatukujua tuyaweke wapi).
Vyote tulivitia katika sufuria iliyovunjika sikio
chini ya paa la bati,
na saa kumi, kama ilivyo desturi ya Mumias, mvua ikaja
na hatukusikizana tena.

"Nta haina haraka," Sista alipaza sauti,
"anayechemka ni wewe. Ngoja."
Hilo ndilo lilikuwa somo. Jingine sikumbuki.
Ng'ambo ya ua, Mdahalo wanapiga meza,
elimu ni bora kuliko mali, elimu ni bora kuliko mali,
na sisi tunapima utambi:
kiganja kimoja na kidole.

Darasani Bwana Shitanda alichora
mnyororo wa kaboni, mrefu kama foleni ya uji,
akauliza: nta ikiungua, inakuwa nini?
Kimya. Muhonja, mikono chini ya dawati,
alikuwa anabandua nta kwenye kucha.
"Maji, mwalimu. Na hewa ya kaboni.
Na masizi, usipoukata utambi."
Darasa likacheka, maana masizi hayamo kitabuni.
Mwalimu hakucheka. Alifuta ubao polepole,
kama mtu anayetafuta alipoangusha kitu.

Kisha transfoma ikalipuka,
wiki mbili kabla ya mtihani wa majaribio.
Jenereta ikanywa dizeli ya siku nne, ikanyamaza.
Mkuu wa shule akasimama gwarideni:
atakayeonekana na moto bwenini
atapanda lori la miwa hadi kwao.

Ndipo wakaja. Si kwa pamoja.
Kwanza Nabwire, nahodha wa Mdahalo,
yule mwenye Kiingereza kilichopigwa pasi,
kando ya kamba za nguo, akinong'ona kama yuko kitubioni:
"Hata kile kidogo. Hata cha waridi."

Tuliwapeleka chumba cha kufulia.
Sakafu ya saruji, kuta za saruji,
hakuna cha kuungua ila sisi.
Wasichana thelathini na tisa ndani ya shuka,
Biolojia juu ya karai lililofudikizwa,
majina ya mifupa yakipita mdomo kwa mdomo
mfano wa rozari.
Nuru ya mzee Wangatia iliangukia vekta.
Nuru ya harusi ilimwangukia Nabwire, ikampendeza,
akajua, akasogea.

Mlango ukafunguka.
Sista, kanzu ya kulalia, soksi za sufi za kiume.
Akatuhesabu kwa kidole, midomo ikicheza;
nilidhani anatuombea.
Akatoa mkasi mfukoni,
akaukata utambi wa karibu, uliokuwa ukifuka moshi.
"Saa tano," akasema. Akaenda zake.

Alhamisi, daftari la chama lilikuwa wazi mezani.
Wanachama: 2. Ile mbili imekatwa kwa wino mwekundu.
41.
Na chini yake, kwa mwandiko wake uliolala ubavu:
"Sufuria moja haitoshi."