Hamsini na Tatu

Meseji ilichelewa. Mtandao ulikuwa umepanda mlima
na haukutaka kushuka.
Tulikuwa watu kumi na mmoja kwa simu moja,
simu ya Zihindula, kioo kimepasuka kama kisigino cha kiangazi,
kila mmoja akinong'ona namba zake
kama anayesali kwa rozari ya kuazima.

Kisha ikalia.
Hamsini na tatu.
Si nyingi. Usiziimbie.
Ni maji ya kidevuni kwa aliyevuka mto,
lakini aliyevuka amevuka.

Nsimire ndiye aliyenunua poda, tangu Jumatatu,
makopo mawili ya waridi, yenye picha ya mtoto anayecheka:
moja langu, moja lake.
Lake halikufunguliwa.
Langu alinimwagia kwa mikono yote miwili,
utosini, shingoni, hadi kwenye nyusi,
taratibu, kama mtu anayepaka chokaa
nyumba ambayo hatalala ndani yake.
Miaka sita benchi moja, rula moja,
baridi moja ya asubuhi pale dirishani pasipo na kioo,
na mimi sikujua nimtazame wapi.
"Funga macho," akasema. "Itakuingia."
Nikafunga. Nilishukuru kuambiwa.

Tukashuka Kadutu tukigonga masufuria,
vumbi jekundu chini, weupe wetu juu,
wenye pikipiki wakipiga honi bila kudai nauli,
watu wasiotujua wakituita wakubwa.
Wakubwa!
Hadi Nyawera niligeuka kumtafuta Nsimire mara tatu.
Mara ya nne sikugeuka.

Nyumbani hapakuwa na maji. Siku ya tano hiyo
bomba linakohoa tu.
Nikakaa mweupe vilevile, nikisubiri mama.

Mama hakupiga vigelegele.
Alitua beseni, akanawa kwa kikombe kimoja,
akanipangusa kope moja kwa kidole kinachonuka sambaza,
akasema, "Kumbe ni wewe."
Kisha akainua godoro, akatoa daftari
ambalo jalada lake limeshonwa kwa uzi wa gunia.
"Tangu leo utaandika wewe.
Mama Cibalonza ana mwandiko mzuri, lakini ana mdomo."

Nikasoma kwa tochi.
Mwaka wa tatu, muhula wa kwanza: mabeseni mawili, kwa Bahizire.
Sare: kitenge cha harusi, rehani.
Ada ya mtihani: likelemba, zamu ya Mama Nshobole, ametupisha.
Viatu: hapo hakuna neno, ni msalaba tu,
na mama hakutaka kunieleza.
Mistari mingine imekatwa. Saba haijakatwa.
Nilidhani nimesomeshwa na hesabu na Kifaransa.
Nimesomeshwa na samaki wafupi kuliko kidole,
maelfu kwa maelfu, wakavu, macho wazi.

Nilingoja aseme: lipa.
Nilikuwa tayari kulia kidogo, na poda ingenipendeza.
Yeye akanipa kalamu.
"Andika ya leo. Hiyo poda, nani kaitoa?"
"Nsimire."
"Wa Cirhuza? Yule naye amepata?"
Nikatikisa kichwa. Unga ukadondoka kwenye karatasi.
Mama akatazama ule unga muda mrefu,
hakuupuliza.
"Basi mwandike."

Huo ndio mwandiko wangu wa kwanza wa utu uzima,
umepinda, kwa sababu meza yetu imepinda:
*Nsimire. Poda, makopo mawili. Haijalipwa.*
Nikasita kwenye "mawili."
Nikaliacha.

Saa tisa usiku bomba likakohoa, likatema kutu,
kisha likaanza kuongea.
Niliamka wa kwanza. Mto wangu ulikuwa mweupe,
na tundu la kichwa changu katikati.
Ngozi iliniwasha kila mahali.
Nikatoka uani pekupeku, nikapanga madumu:
la kupikia, la mama, la Mugisho la shule,
la Mama Cibalonza, mdomo wake pamoja.
Nikayajaza moja baada ya moja gizani
kabla maji hayajabadili nia.
Kuoga nikasema
baadaye.