Benzi ya Meneja

Jumapili. Nimelala chali chini ya Benzi,
jiwe limezuia gurudumu la nyuma.
Hapa Mabatini mawe hayanunuliwi.
Oili inanidondokea shingoni, tone, kisha tone.

Fundi Nkwabi alisema: rejeta imekufa, laki sita.
Nikamshukuru. Nikaenda Nyakato, nikanunua spana.

Rejeta haikufa.
Ilijaa visubi wa ziwani,
wamekauka tabaka juu ya tabaka
tangu zile safari za Musoma usiku.
Nimewasugua kwa mswaki wa Kabula.
(Hajajua.)

Chini ya kiti cha nyuma, alipokaa meneja,
nimeokota donge la pamba, bado jeupe.
Baba alimfungulia mlango huo miaka kumi na moja.

Mnunuzi wa vyuma chakavu anapita mara ya tatu:
"Mama Kabula, si tungeipima tu?"

Nawasha. Inagoma.
Inagoma.
Ya tatu imeshika,
chafya moja ya moshi wa buluu,
kuku wa jirani wametawanyika.
Dirisha moja bado haliteremki.

Nimemwita Baba, nikamfungulia nyuma.
Ameutazama mlango, akaufunga taratibu,
akazunguka kwenye usukani.
"Haya," akasema, "panda wewe."