Mboga Zisizoniita

Heldur alipanda koliflawa.
Mtu mwenye akili timamu, karani wa posta miaka thelathini na mmoja,
lakini Mei ikiingia anaugua koliflawa:
anaamka saa tisa za usiku kuzifunika magunia,
anazitegea konokono sahani za bia wafe wamelewa,
anazifunga majani yao juu ya kichwa
kama watoto wanaopelekwa kwa daktari wa meno.
Na baada ya yote hayo, koliflawa tatu.
Moja ina mabuu.
Tulizila kimya, kwa heshima.

Kisha akaugua yeye.

Miaka mitatu niliitwa.
Maimu, maji. Maimu, mto. Maimu, dirisha.
Maimu, saa ngapi sasa?
Na usiku wa Juni hapa Paide hauna giza
la kumwonyesha mgonjwa kwamba ni usiku,
basi nilimwambia saa yoyote iliyonijia mdomoni.
Simlaumu. Mwenye haja huita.
Ila sikio likishazoea kuitwa haliachi:
miezi minane baada ya mazishi
ningali nakurupuka kitandani, namjibu mtu,
"Naja."

Ndiyo maana nilipokwenda nyuma ya nyumba
kwenye kile kitalu cha hatua nne kwa tatu,
nilikiambia kwa sauti, jirani Endel akinisikia:
hapa hakioti tena kitu cha kuniita.

Nikaanza na figili. Unatia mbegu, unakwenda zako.
Wiki nne, zimeiva, nyekundu, kali, hazina shukrani.
Ukizisahau zinapasuka, zinachanua; shauri yao.

Vitunguu majani havijui hata kama nipo.
Navikata kwa mkasi wa kushonea,
nikigeuka vimeota.

Bitiruti nilizisia Mei, Julai nikazipunguza,
majani machanga nikayatia kwenye supu.
Zilizobaki zilikaa chini pana, zimetulia,
kama mashangazi waliokuja matanga
na hawana nia ya kuondoka kabla ya Septemba.

Maharagwe nikayapa fito za kuvulia za Heldur.
(Samaki hakuwapata vilevile.)
Yalipanda hadi ncha,
yakaning'iniza maganda pale palipokuwa na ndoano.

Boga moja tu, juu ya lundo la samadi.
Msinidanganye na mawili. Moja linatosha mtaa.
Lilitambaa, likapanda ua,
likashuka kwa Endel bila kupiga hodi.
Agosti akaja amelikumbatia.
"Limezaliwa kwangu," akasema, "ila ukoo ni wako."
Tukaligawa kwa msumeno wake wa kukatia kuni.
Akatazama kitalu, akasita, akauliza,
"Na koliflawa?"
"Koliflawa," nikamjibu, "imefiwa."
Tukacheka, kisha tukanyamaza,
kisha akachukua nusu yake akaenda.

Oktoba, dada yangu Leida akaniletea kitunguu saumu,
gazeti limekifunga, udongo wa kwao ungali kwenye mizizi.
Banja vipande, akasema, usimenye. Ncha juu.
Zamisha kidole mpaka kiungo cha pili. Funika majani makavu.
"Basi?"
"Basi. Kingine chote ni kazi ya theluji."

Theluji ikakilalia miezi minne.
Nami nikalala ndani,
mara ya kwanza tangu sijui lini,
mpaka kukacha.

Sasa ni Aprili.
Mistari ya kijani imetoboa majani yaliyooza,
imenyooka kuliko nilivyoipanda.
Mvua imenyesha juzi, jana, na leo mchana.
Udongo umelowa hadi unanata kwenye viatu,
na kitunguu saumu, kila mtu anajua,
hakipendi maji mengi.

Saa tisa za usiku nimejikuta nje,
koti juu ya nguo ya kulalia,
kopo la maji mkononi,
namwagia kidogo, shina kwa shina.

Hakuna aliyeniita.
Nimekuja tu.