Kifungo cha Koti

Nimetumwa Budadiri kueleza mashine.
Wachambuzi ishirini na mmoja wamekaa juu ya magunia,
vumbi la maganda limetanda kwenye nyusi zao,
na mkono wa chuma umesimama mbele yao
kama mgeni ambaye hajapewa kiti.

Nandudu ndiye aliyeanza:
"Inajua kahawa, au imeambiwa tu?"

Swali hilo sikulikuta chuoni.
Nikameza mate. Nikang'oa kifungo cha koti langu,
cha rangi ya udongo, kidogo,
nikakitupa katikati ya buni zilizopita kwenye mkanda.
Kamera ikakitazama.
Mkono ukashuka, ukakichukua kwa adabu zote,
ukakiweka kwenye fungu la daraja la kwanza.

Wakacheka! Khainza alicheka hadi akashika nguzo:
"Kuna mtu ng'ambo atakunywa koti la binti huyu!"

Ningeweza kuishia hapo, wakaniaga kwa mkungu wa ndizi.
Lakini sikutumwa kufariji.
Nikaomba ungo ambao Nandudu alikwisha kuuchambua asubuhi,
nikaumimina. Mashine ikatoa punje sita,
kila moja na tundu la mdudu
dogo kuliko ncha ya sindano.
Akaziinua kwenye mwanga wa mlango, moja moja,
akazisogeza karibu, kisha mbali, kisha karibu.
"Macho yangu," akasema. Hakumaliza.

"Hainusi," nikamwambia. "Haijui mvua ilinyesha lini,
wala kwamba gunia la Watuwa lililala kwenye tope.
Inajua picha. Picha elfu arobaini,
na chini ya kila picha: nzuri, mbovu."

"Nani aliyesema nzuri, mbovu?"

Nikatazama viatu vyangu.
"Nyinyi. Msimu uliopita,
mlipochambua chini ya ile taa nyeupe."

Kimya. Mkanda ukaendelea kunguruma bila kubeba kitu.

"Kumbe ni mwanafunzi wangu," akasema Nandudu,
"na karo haijalipwa."

Safari hii hakuna aliyecheka.
Nikaliandika neno lake kwenye ripoti, vilevile alivyolisema,
chini ya Maswali ya Kiufundi,
maana fomu haikuwa na mahali pengine.

Jioni nikateremka na koti wazi kifuani,
baridi ya Masaba ikiingia bila hodi.
Kifungo nilikisahau. Kimo ndani ya gunia fulani,
kimeshonewa, kimepigwa muhuri,
kinaitwa kahawa.