Safu ya Kwanza Peke Yake

Faili lilikuja kwenye flashi iliyonata asali.
Niliifuta kwa upindo wa kanga kabla ya kuichomeka.
Warina asali mia tatu na kumi na tisa:
jina, kijiji, mti, mwezi wa kurina,
na picha ya kila mmoja, kasimama ukutani mwa ghala la Tutuo,
macho kayakunja, wengine kwa jua, wengine kwa mashaka.

"Kila chupa na mwenyewe," alisema katibu Kapera,
"mnunuzi wa Dodoma ajue analamba jasho la nani."

Nilichora lebo moja tu. Moja.
Sega pembeni, rangi ya gome la mninga,
na katikati nikaacha mashimo:
hapa «jina», hapa «kijiji», hapa «mti», hapa «sura».
Lebo yenye mashimo ni mzinga mtupu juu ya tawi:
unautundika, unaondoka, unangoja waingie.

Wakaingia.
Nilibonyeza mara moja, na pale Isevya,
chini ya feni inayokoroma kuliko kupepea,
Nyamizi akaingia, Kasheku akaingia, Mihayo akaingia,
na chai yangu haijapoa
kila mtu ana chumba chake cha pembe sita.
Mwaka juzi ningekesha wiki mbili,
nanakili, nabandika, Nkwabi namwandika Nkwambi.
Nilijiona fundi. Sidanganyi: nilijiona zaidi ya fundi.

Ila kabla ya kubonyeza
nilitaka majina yapendeze, yaanze A yaishie Z.
Nikaipanga safu ya kwanza. Ya kwanza peke yake.
Kompyuta iliniuliza kitu, kisanduku cha kijivu,
nikajibu Ndiyo
kama anayeitikia salamu huku anavuka barabara.

Majina yakahama.
Vijiji vikabaki, miti ikabaki, nyuso zikabaki.
Hakuna mstari uliolia.

Kilio kilikuja Jumamosi, tena kilikuja kwa sauti ya kicheko.
"Tangu lini nina ndevu?" akauliza Kalunde, chupa mkononi.
Kasheku, ambaye hajalala nje ya Kiloleli hata usiku mmoja,
akasomewa kwamba ni mtu wa Ipole,
akataka kujua nauli alilipiwa na nani.
Na vijana wa ghala walikuwa wamebandika usiku kucha,
huyu akifuata jina, yule akifuata sura,
gundi imeshika kama kupe,
na lori linaondoka saa kumi.

Nilitaka kusema ni mashine. Neno lilikuwa tayari mdomoni.
Ni mimi, nikasema.

Kalunde hakunijibu.
Alifungua chupa, akachovya kijiti, akalamba.
"Mtundu. Pangale. Imerinwa kabla ya wakati, ina maji.
Ya Mihayo hii, hana subira."
Mihayo akatazama kandambili zake.

Basi tukakaa, mimi na kompyuta juu ya gunia la nta,
wao na furushi la vijiti, kila chupa kijiti chake.
Walilamba, walibishana, walipigana vikumbo,
nami nikaandika mstari baada ya mstari
kama karani wa mahakama ya ndimi.
Dereva wa lori alizima injini. Baadaye naye akaomba kijiti.

Siku hizi, kabla sijapanga chochote,
nachagua jedwali zima, kisha nalichagua tena.
Na mwishoni nimeongeza safu ambayo haichapwi:
*ina maji.*
*moshi kidogo.*
*chungu mwishoni, kama mtu aliyekumbuka deni.*

Mstari wa 204 una jina, una kijiji, una sura.
Safu ya mwisho iko wazi.
Kalunde aliilamba ile chupa mara tatu, akarudisha kifuniko.
"Huyu simjui," alisema.
"Mchapie lebo yake. Hapo paache."