Roho Tatu

Bauma amemchora mtu wake kwa miraba midogo,
kumi na sita kwenda juu, kofia nyekundu,
jicho moja tu, la pili halikupata nafasi.
Anasukuma chukudu. Anaruka.
Chini yake moto wa mlima unatiririka,
rangi ya chungwa, kimyakimya.

Tunacheza Birere, kwenye kibanda cha kuchaji simu,
juu ya mawe meusi yaliyowahi kuwa mto.
Muziki unalia ti-ti-ti, kifaranga ndani ya debe.

"Mbona daraja hili halipitiki?"
"Chelewa kuruka," anasema. "Ngoja ukingoni kabisa,
pale mguu unapoanza kuogopa."

Nikaanguka. Roho mbili.
Nikaanguka. Moja.

Hatua ya saba ina nyumba ya mabati ya buluu,
mlango wazi, sufuria mekoni.
Haina sarafu, haina adui.
Naijua. Tulilala humo
hadi ile Jumamosi anga ilipoiva.
"Hapo huingii," Bauma anasema.
"Nimeshindwa kuchora ndani."

Umeme ukakatika.
Kioo kikabaki na nyuso zetu,
na gizani kidole chake bado
kinabonyeza: ruka,
ruka.