Namba Nne

Karatasi imebandikwa kati ya mlango wa choo
na mtungi wa maji usio na maji.
Majina kumi na moja, kwa mpangilio wa kuajiriwa,
na juu kabisa, Ogalo, J. A.
Mimi ni namba nne.
Miaka sita sasa namba nne,
tangu daktari wa moyo alipomshusha Chemitei.
Tulimpa pole, kila mtu akapanda ngazi moja,
na pole ile ilikuwa ya kweli,
na kupanda kulikuwa kwa kweli pia.

Hivi ndivyo kazi hii inavyokufanya:
unamuuliza mzee, "Presha inaendeleaje?"
na hujui mwenyewe unaombea upande gani.
Watatu wa juu ndio hurusha ndege kubwa.
Mshahara wao hufika mwisho wa mwezi ukiwa bado unapumua.

Saa tisa usiku, Kisumu, tunapakia sangara.
Maboksi mia mbili na kumi, barafu ikichuruzika sakafuni.
Kila boksi limepimwa, limeandikwa, limekatiwa bima.
Yangu ilikatika Februari.
Niliambiwa na karani wa hospitali, dirishani,
Nekesa akiwa begani kwangu, homa thelathini na tisa.

Mshahara? Zamani tarehe tano.
Siku hizi ukibisha hodi
unakuta deni limeshakaa kitini, limevua viatu.

Meneja alitujia kutoka Nairobi na picha za ukutani,
mshale mwekundu unapanda, wa bluu unashuka.
"Sisi ni familia moja," akasema.
Makokha, namba tisa, akanong'ona:
"Basi tuonyeshwe shamba la urithi."
Tulicheka kwa pua. Meneja akadhani ni mafua.

Ijumaa karatasi ikabadilishwa.
Namba nne: Nyaribo, mpwa wa mwenye kampuni,
aliyeajiriwa Machi mwaka jana,
viatu vyake bado vinalia akitembea.
Mimi namba tano,
bila kuugua, bila kukosea, bila kuulizwa,
na Ogalo anastaafu Jumapili.
Mgeni njoo, mwenyeji apone, tulifundishwa.
Mgeni kaja. Mwenyeji kashushwa.

"Hama," akasema mke wangu. "Si kuna kampuni Eldoret?"
Anajua, ila amechoka kujua,
kwamba namba haihami nawe.
Huko nitaanzia mkiani, na mvi hizi,
nikipokea amri za mtoto niliyemfundisha kutua.

Na Nyaribo mwenyewe, ningependa kumchukia.
Lakini usiku ule juu ya milima ya Nandi,
radi ikipasua giza kama mtu achanaye kanga,
mikono yake haikutetemeka.
Tulipotoka mawinguni alinimiminia chai,
akasema, macho kwenye saa za mafuta,
"Sikuomba, Kapteni."
Hilo liliniuma kuliko karatasi.

Jumapili Ogalo alitua mara ya mwisho,
taratibu, kama mtu anayelaza mtoto aliyesinzia.
Hakukuwa na keki. Meneja alituma ujumbe wa simu.
Mzee akasimama mbele ya ile karatasi,
akatoa kalamu mfuko wa shati,
na kando ya kila jina akaandika tarehe ya kuajiriwa,
kwa kichwa tu, bila faili,
mwandiko uleule wa kitabu cha safari.
Alipofika namba nne hakukaza wino.
Machi, mwaka jana. Nukta.
Akachukua kofia yake, akaenda zake Kisian.

Jumatatu karatasi haikuwepo.
Vipande vinne vya gundi, na mraba wa rangi
safi kuliko ukuta wote.
Hakuna aliyeuliza. Kila mtu alipita akiutazama.

Visubi wa ziwani walikuwa wamejaa kiooni, nikawafuta.
Nyaribo akafungua orodha ya ukaguzi.
Akasoma kifungu, nikaitikia,
akasoma kinachofuata, nikaitikia,
mafuta, breki, taa, milango,
hakuna hata kimoja kilichorukwa.